Grafu ya Fezi Isiote Meno: Mwongozo kwa Fundi wa Mjambere

Mtu akitaka kuiyumbisha pampu ya maji ya jumba zima bila hata kushika spana, njia ni nyepesi. Aichore fezi ya mfumo vibaya, aipambe grafu kwa rangi, kisha amkabidhi fundi. Fundi ataiamini, ataongeza nguvu ya kidhibiti, na ikifika magharibi wapangaji watasikia mabomba yakigonga ndani ya ukuta. Mwongozo huu unataka jioni hiyo isifike. Uchoraji mbaya wa fezi nitaucheka kwa kuwa wastahili kuchekwa, ila kila agizo lililomo humu nalitoa kwa dhati na ninaomba lifuatwe.

Fundi umeme wa Kisauni, hapa Mombasa, akisikia fezi huwaza nyaya tatu. Yuko sawa. Kwenye umeme wa fezi tatu kila waya uko nyuma ya mwenzake kwa digrii 120, na hiyo ndiyo maana ya fezi: kuwa nyuma au mbele, kwa kipimo cha mzunguko, ambapo mzunguko kamili ni digrii 360. Katika mifumo ya udhibiti tunaitikisa mashine kwa wimbi, polepole kisha upesi kisha upesi zaidi, na kila mara tunapima mambo mawili: wimbi linalotoka lina ukubwa gani, na limechelewa kiasi gani nyuma ya lililoingia. Vipimo hivyo vikichorwa dhidi ya kasi ya kutikisa, yaani masafa, tunapata grafu mbili zinazokaa moja juu ya nyingine, ukubwa juu na fezi chini. Wahandisi huziita grafu za Bode, kwa jina la Hendrik Bode wa Bell Labs nchini Marekani, ambaye kitabu chake kikubwa juu ya vikuzaji vyenye mrejesho kilitoka mwaka 1945.

Grafu ya juu watu huipenda. Ile ya chini huitazama kama mtoto wa kambo. Ndiyo maana huchorwa ovyo, na ndiyo maana naanza na bahari, kwa sababu bahari yetu inaonyesha nguvu ya fezi kuliko kitabu chochote.

Mtu wa Mishomoroni anayeishi karibu na hori la Tudor anajua bamvua na maji mafu tangu utotoni. Sasa azihesabu kwa digrii. Wimbi la maji linaloletwa na mwezi lina mzunguko wa saa 12 na dakika 25 hivi, sawa na digrii 28.98 kwa saa. Lile la jua lina mzunguko wa saa 12 kamili, digrii 30 kwa saa. Kilindini wimbi la mwezi hupanda na kushuka kama mita 1 juu na chini ya wastani, na la jua kama nusu yake. Ukubwa wao haubadiliki juma hadi juma. Kinachobadilika ni fezi baina yao: jua humtangulia mwezi kwa digrii 1 na kidogo kila saa, hadi mzunguko mzima utimie kwa siku 14 na robo tatu. Fezi zikikutana, mita 1 na nusu mita hujumlishana, maji yakapanda na kupwa kwa mita 3 hivi, nayo ni bamvua. Fezi zikipishana kwa digrii 180, nusu mita hutolewa, ikabaki mita 1 tu ya kupanda na kupwa, na mvuvi anasema maji yamekufa. Mawimbi yaleyale, ukubwa uleule. Aliyechora ukubwa akaacha fezi hajasema kitu kuhusu bahari hii.

Hapo hapo baharini tunapata agizo la kwanza: andika fezi imehesabiwa kutoka wapi. Wimbi la mwezi lililopimwa kwa saa za Greenwich na lililopimwa kwa saa za Afrika Mashariki yanatofautiana kwa saa 3, ambazo ni digrii 87. Na mtu akichanganya saa ya Kiswahili na ile ya Kizungu, yaani saa moja asubuhi akaiandika 1:00 badala ya 7:00, amekosea kwa saa 6, digrii 174. Hiyo inakaribia kabisa kuwa kinyume: atawaambia watu maji yamejaa wakati mashua zimekaa mchangani. Kwenye grafu ya mashine kosa hilo huja kwa sura nyingine. Mchoraji haandiki kama fezi ni ya mfumo ukiwa wazi au mrejesho ukiwa umefungwa. Haandiki kama ishara inaanzia kwenye kidhibiti au kwenye mota. Haandiki kama valvu yake hufunga pale ishara inapoongezeka, jambo ambalo peke yake huleta digrii 180. Maneno matano chini ya grafu yangetosha. Yaandike.

Sasa tuje kwenye pampu yenyewe. Tuchukue mfano wa jumba la kupanga la Mjambere lenye kisima, ambapo pampu inabadilishiwa kasi ili presha ya maji kwenye mabomba isishuke watu wote wakifungua mifereji alfajiri. Kidhibiti kinajumlisha tofauti kati ya presha inayotakiwa na iliyopo, na jumla hiyo ndiyo inayoendesha mota. Nguvu yake tuiweke 0.5. Pampu inahitaji nusu sekunde kuitika. Sensa, kompyuta na mabomba vinaongeza uchelewa wa sekunde 0.8. Huo ndio mfumo mzima, na fezi yake inahesabika kwa kalamu. Kujumlisha kunaleta digrii -90 wakati wote. Pampu inaongeza kidogo kidogo hadi -90 nyingine. Uchelewa unaongeza bila kikomo, digrii 46 kwa kila radiani 1 kwa sekunde ya masafa (mzunguko kamili ni radiani 6.28).

Ukubwa unashuka hadi 1 kwenye masafa ya radiani 0.49 kwa sekunde, na hapo fezi ni -126. Kutoka -126 hadi -180 zimebaki digrii 54. Hizo 54 ndizo akiba ya fezi, na ndizo usingizi wa wapangaji. Fezi inafika -180 kwenye radiani 1.26 kwa sekunde, ambapo ukubwa umebaki 0.34. Maana yake nguvu ya kidhibiti ikizidishwa mara 2, akiba inashuka hadi digrii 24 na presha inaanza kucheza kabla ya kutulia. Ikizidishwa mara 3, haitulii tena. Mstari wa -180 ndio mpaka, kwa sababu mrejesho unaofika pale umegeuka: ulitumwa kupunguza kosa, nao unaliongeza. Harry Nyquist alilieleza hilo kwa hesabu kamili mwaka 1932, akiwa kampuni ya simu ya AT&T.

Angalia sasa kompyuta inavyoichora fezi hiyo isiposimamiwa. Kutoka kwenye vipimo inapata namba changamano, yaani namba moja inayobeba ukubwa na pembe pamoja, na amri ya kawaida ya kutoa pembe hujibu kati ya -180 na +180 tu. Haiwezi kufanya zaidi. Ni kama mkono wa dakika kwenye saa ya ukutani: unakuonyesha robo, haukuambii ni saa ngapi zimepita. Kwa hiyo fezi inateremka vizuri, -126, -150, -170, -179, kisha ghafla inaruka hadi juu kabisa ya karatasi, +180, na kuanza kuteremka upya. Inaruka tena. Na tena. Grafu imeota meno ya msumeno.

Na jino la kwanza limeota wapi? Kwenye -180. Mahali pale pale fundi anapotaka kusoma, kuna ukuta wa wino uliosimama wima. Katika masafa yote, katika pembe zote 360 ambazo mkato ungeweza kuwekwa, umewekwa juu ya mstari mmoja ambao mashine inaishi au kufa kwa ajili yake. Nimeona grafu hizi zikibandikwa kwenye ripoti zenye jalada gumu, na hasira yangu haijapungua.

Madhara yake hayaishii kwenye sura. Kwenye radiani 10 kwa sekunde fezi ya kweli ya pampu yetu ni -627. Iliyokunjwa inasomeka +93. Mwanafunzi anayeisoma atasema, "Fundi, hapa mashine inatangulia ishara." Atasemaje vingine? Ndivyo ilivyoandikwa. Pampu imechelewa karibu mizunguko miwili mizima, na karatasi inasema imewahi.

Dawa ni kuikunjua. Programu nyingi zina amri ya kazi hiyo: inatembea kutoka kipimo hadi kipimo, na ikikuta mruko unaozidi nusu mzunguko inaongeza au kutoa mzunguko mzima mpaka mstari uungane. Python inayo, Octave inayo, zote za bure. Angalia jambo moja: kwa kawaida amri hiyo inategemea radiani. Ukiilisha digrii, itaona karibu kila hatua ni mruko na kukutolea takataka iliyonyooka. Badilisha kuwa radiani, kunjua, kisha rudisha digrii.

Lakini amri hiyo haina akili, ina mguu tu. Ikiwa vipimo vyako viko mbali mbali, fezi inaweza kushuka zaidi ya nusu mzunguko kati ya kimoja na kinachofuata, na hapo amri itachagua njia fupi, ambayo ni ya uongo. Kwa pampu yetu, ukipima masafa 10 kwa kila muongo (kila masafa yanapoongezeka mara 10), yaani kila masafa yakizidi yaliyotangulia kwa asilimia 26, uchelewa peke yake unavuka nusu mzunguko kwa hatua moja ukishapita radiani 15 kwa sekunde. Kuanzia hapo mstari uliokunjuliwa ni wa kubuni. Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kupima kwa karibu zaidi. Ya pili naipenda zaidi: kama uchelewa unaujua, uondoe kwanza kwa hesabu, kunjua kilichobaki ambacho sasa ni laini, kisha urudishe uchelewa wako. Mwenye mashine ya kupimia ya bei nafuu atapata grafu safi kuliko mwenye ya bei ghali asiyejua hila hii.

Kelele nayo ina fitina zake. Kwenye radiani 10 ukubwa wa ishara yetu umebaki kama sehemu 1 ya 100, na sensa ya presha ya kawaida pale itakuwa inapima mtetemo wa mota ya jirani. Fezi ya kelele inaruka popote, na amri ya kukunjua ikikanyaga mruko mmoja wa uongo, vyote vinavyofuata vinahama kwa digrii 360. Basi usianze kukunjua kwenye kelele. Anza pale ishara ilipo na nguvu na fezi yake unaijua kwa akili: mfumo wenye kujumlisha kumoja, kwenye masafa ya chini, lazima uwe karibu na -90. Programu ikikuandikia +270, toa 360 kwenye mstari wote. Kwa kompyuta +270 na -90 ni kitu kimoja, lakini fundi atakayetafuta umbali hadi -180 hatajua ajipange upande gani.

Na ukipima mara kadhaa ili upate wastani, usichukue wastani wa pembe. Kipimo kimoja kikiwa 179 na cha pili -179, vyote viwili vinasema karibu -180, mashine iko ukingoni. Wastani wa pembe hizo ni 0, mashine iko salama kabisa. Sijui kosa jingine la hesabu ya darasa la tano linaloweza kuunguza mota. Chukua wastani wa namba changamano zenyewe, ndipo utoe pembe.

Umeshakunjua. Sasa usifurahi mno ukaonyesha kila kitu. Ukiichora pampu hii hadi radiani 100 kwa sekunde, fezi inafika -4,763, programu inapanua mhimili hadi -5,000, na kwenye grafu yenye urefu wa sentimita 10 ile akiba yote ya digrii 54 inakuwa milimita 1. Unene wa kalamu! Meno yametoka, na badala yake kuna mteremko mrefu ambao hausomeki vilevile. Kata mhimili. Onyesha kutoka 0 hadi -270, na digrii 54 zitapata sentimita 2, upana ambao mtu anaweza kuupima kwa rula. Yaliyo chini ya hapo, ukubwa wa ishara umeshakuwa mdogo kiasi kwamba hayawezi kuiyumbisha pampu, na hayastahili karatasi. Ikiwa ni lazima fezi ikunjwe, kwa sababu mashine ya kupimia haina njia nyingine, basi ikunjwe kati ya -360 na 0, ili mstari wa -180 ukae katikati ya grafu na ukuta wa wino uhamie pembeni.

Mistari ya gridi iwe kila digrii 45, au kila 90 kama nafasi ni finyu. Programu ikiachwa huru hupenda 50 au 100, kwa kuwa inahesabu kama muuza duka. Unapata mstari kwenye -100, mwingine kwenye -200, na -180 inaelea katikati bila mwenyewe. Mstari wa -180 uchorwe mzito kuliko yote. Mhimili wa masafa uwe wa logi, na uwe mmoja kwa grafu zote mbili, zikiwa zimepangwa wima ili mtu ashushe rula kutoka pale ukubwa unapofika 1 moja kwa moja hadi kwenye fezi yake. Grafu mbili zilizowekwa ubavu kwa ubavu zinamlazimisha msomaji kukumbuka namba njiani, na namba hupotea njiani.

Vipimo vya masafa viandikwe kwa jina. Hesi 1 ni radiani 6.28 kwa sekunde. Mitambo ya dizeli ya Kipevu, kule Changamwe, inazalisha umeme wa Hesi 50, sawa na radiani 314 kwa sekunde, na gavana wa mtambo kama ule, yaani kidhibiti cha kasi yake, ana uchelewa wake wa asili: mafuta yakiongezwa, nguvu haibadiliki mpaka silinda inayofuata ipige. Mtu akihesabu fezi ya uchelewa huo kwa Hesi akidhani ni radiani, anaipata ndogo mara 6. Digrii 60 za hatari zinakuwa 10 za kupuuzwa.

Kabla ya kuitoa grafu, ihoji. Bode alionyesha kwamba kwa mifumo mingi ya kawaida ukubwa na fezi vimefungamana: ukubwa ukishuka desibeli 20 (yaani mara 10) kwa muongo, fezi ikae karibu na -90, ukishuka 40, karibu na -180. Kama fezi yako iko chini sana kuliko mteremko unavyodai, kuna uchelewa ndani ya mfumo, au kuna kitu kinachoanza kwenda upande usiofaa kabla ya kugeuka. Kama iko juu sana, mara nyingi umekosea 360 au alama ya kutoa. Ukaguzi huu unachukua dakika chache, na ndio unaotenganisha aliyechora na aliyebonyeza kitufe.

Mwisho ni karatasi. Grafu zetu nyingi huishia kwenye saiba ya Bombolulu, zinapigwa fotokopi nyeusi na nyeupe, kisha fotokopi ya fotokopi. Mistari mitatu ya nyekundu, buluu na kijani inatoka yote kijivu kimoja. Tofautisha kwa nukta na vistari, na jina la kila mstari liandikwe juu yake wenyewe. Akiba ya fezi iwekewe mshale na namba yake, kwa mwandiko ambao fundi aliyeinama chini ya tangi ataweza kuusoma bila kuuliza. Namba changamano za vipimo zihifadhiwe kwenye faili pamoja na grafu, kwa sababu kutoka kwa hizo mtu yeyote anaweza kuchora upya, ilhali kutoka kwa meno ya msumeno hakuna anayeweza kurudi kwenye ukweli kwa uhakika.

Wewe unayepokea grafu hizi kazini una haki yako pia. Ukiletewa ambayo mstari wa -180 hauonekani, au umefunikwa na ukuta wa wino, usiikisie na usiguse kidhibiti. Irudishe kwa aliyeichora.